Vilima vya Monduli Juu kwa siku moja: kupanga, kupanda, na kushukia upande ulioukusudia

Mwambie mtu wa Arusha kwamba Jumamosi unakwenda kupanda mlima, swali la kwanza litakuwa ni siku ngapi, na la pili kiingilio ni shilingi ngapi. Akili za wengi zinakimbilia Meru au Kilimanjaro. Wakati huohuo, upande wa magharibi wa mji, kuna vilima vya Monduli Juu: vimevaa nyasi, vichwa vyake ni vya mviringo, kimoja kikiisha kinaanza kingine, na mtu mwenye miguu ya kawaida anaweza kupita vinne au vitano kwa siku moja na usiku akalala kwake mjini, Sakina au Njiro.

Kwa kuwa havina miamba wala barafu, watu wanavidharau. Kupanda ni kweli hakuna utaalamu, ni pumzi tu. Mtego upo kwenye kushuka. Ukisimama juu ya kilima cha mviringo, pande zote zinafanana, zote ni nyasi, zote zinashuka taratibu, na upande utakaouchagua ndio utakaoamua kama unakwenda kilele kinachofuata au unaishia kwenye korongo usilolijua saa kumi jioni. Karibu kila ninachoandika hapa chini kinahusu jambo hilo.

Elewa kwanza umbo la kilima

Weka kiganja chako juu ya meza, vidole umevitandaza. Mgongo wa kiganja ndio kilele, vidole ndiyo migongo ya kilima inayoteremka, na nafasi kati ya vidole ndiyo makorongo. Ukianzia ncha ya kidole chochote na kupanda, utafika juu tu. Sasa fanya kinyume: anzia juu ushuke. Hapo kosa dogo linakupeleka kidole kingine kabisa, na kadiri unavyoshuka ndivyo vidole vinavyozidi kuachana.

Hesabu yake ni hii. Ukitoka kileleni ukiwa umekosea upande kwa nyuzi 20 tu, kosa ambalo kwa macho huwezi hata kulihisi, baada ya kutembea kilomita 2 utakuwa takribani mita 700 mbali na pale ulipokusudia. Na mita hizo 700 si za tambarare. Katikati kuna korongo.

Jambo la pili ni tumbo la mteremko. Kilima cha mviringo kimelala juu na kimesimama chini. Unapopanda, unaona ukingo mbele yako ukaamini ndicho kilele. Unafika, unakuta ukingo mwingine nyuma yake. Hilo linachosha roho tu. Unapoteremka ndipo linakuwa hatari, kwa sababu huoni kilicho chini ya miguu yako mpaka ukifikie. Kwenye ramani utalitambua: mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, iko mbalimbali juu, halafu inabanana kadiri inavyoshuka. Ukiona imebanana sana chini ya mgongo unaotaka kuutumia, tafuta mgongo mwingine.

Wiki moja kabla: ruhusa na mwenyeji

Usiende Monduli Juu kienyeji ukadhani ni uwanja wa wazi usio na mwenyewe. Ardhi ile ni ya vijiji, ni malisho ya watu, na sehemu ya juu ya mlima ni msitu wa hifadhi. Piga simu au fika ofisi ya mtendaji wa kijiji, mweleze mko wangapi, mnatoka wapi na mnataka kupita wapi. Ofisi hiyohiyo itakupatia kijana wa kuwaongoza. Mlipe vizuri, na mkubaliane bei kabla ya kuanza, si kileleni.

Kilele chenyewe cha Mlima Monduli, mita 2,660, kimo upande wa msitu. Msituni kuna nyati, na tembo hupita. Kwa hiyo kama nia yako ni kufika pale, mambo ya kibali yanahusu Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na usikubali kuingia bila mtu anayeujua msitu ule. Mwongozo huu unahusu vilima vya nyasi vilivyo wazi, ambavyo kwangu mimi vina raha kuliko kile kikubwa: upepo unakupiga, macho yanafika mbali, na nyati humwoni kwa kushtukia.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Monduli kuna chuo cha maafisa wa jeshi, TMA. Ukikuta kibao kinachokataza kupita, usijadiliane nacho, na kamera uiweke mfukoni. Mwenyeji wako atakuambia maeneo gani mkae nayo mbali.

Chagua msimu

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, acha. Udongo wa volkano ukilowa unateleza vibaya, na barabara ya kupanda Monduli Juu inakuwa ya kusukuma gari. Vuli ya Novemba na Desemba ni ya kubahatisha: asubuhi jua, mchana radi.

Juni hadi Agosti hakuna mvua ya maana lakini kuna baridi na ukungu wa asubuhi, ule ambao hata mjini unaficha Meru mpaka saa nne au saa tano. Ukungu na vilima vya mviringo havipatani. Mimi napendelea Januari na Februari, au Septemba na Oktoba. Januari majani bado ni mabichi baada ya vuli na unaona mbali. Septemba vumbi lipo, lakini njia ni kavu na miguu inashika.

Kumbuka pia kwamba huku kwetu, nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta, mchana hauongezeki wala haupungui vya kutosha kukusaidia. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima. Likishazama, una kama dakika 20 za mwanga wa kutembelea, basi.

Piga hesabu ya muda kwa kalamu

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda vilima duniani kote bado wanaitumia: saa 1 kwa kila kilomita 5 za kutembea, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Unajumlisha mipando yote ya siku, si kile kilele kirefu peke yake. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Wakisikia vilima vyenyewe vinapishana kwa mita 150 au 200 tu wanaona ni kazi ndogo, wakati kila mkishuka kati ya kilima na kilima, urefu ule mtaulipa tena.

Tuseme njia yenu ina kilomita 14 na jumla ya mipando mita 900. Kilomita 14 kwa mwendo wa 5 kwa saa ni saa 2 na dakika 48. Mita 900 ni saa 1 na nusu. Jumla ni saa 4 na dakika 18. Lakini Naismith alimfikiria mtu mkakamavu, kwenye baridi ya Scotland, asiyesimama kupiga picha. Kwa kundi la watu wa ofisini chini ya jua la Monduli, zidisha mara moja na nusu: saa 6 na nusu hivi. Ongeza saa 1 na nusu ya kula na kupumzika, mnapata saa 8. Mkianza saa moja asubuhi, mnamaliza saa tisa alasiri, na bado mna zaidi ya saa 3 za akiba kabla ya giza. Mkianza saa nne kwa sababu mmoja wenu alichelewa kuamka, akiba hiyo imeshaliwa kabla hamjakanyaga nyasi.

Wekeni pia saa ya kugeuka. Kundi letu linatumia saa saba mchana: popote tulipo, saa saba ikigonga tunaanza kuelekea chini, hata kama kilele cha mwisho kiko mbele ya macho. Muiandike saa hiyo na wote muikubali kabla ya safari, maana juu kule kila mtu ana hoja.

Ramani na simu

Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 bado ni bora kwa kusoma umbo la ardhi, na kwenye kipimo hicho sentimita 2 ni kilomita 1. Ukiipata, ipige picha au itoe kopi ya kipande chako. Usipoipata, pakua ramani ya eneo kwenye programu ya simu inayofanya kazi bila mtandao, na hakikisha inaonyesha kontua. GPS ya simu haihitaji bando. Iweke simu kwenye hali ya ndege na bado itakuonyesha ulipo, na chaji itadumu. Washa kurekodi njia tangu mnapoanza. Pawabenki moja kwa watu wanne inatosha.

Dira ya simu inahitaji kuangaliwa. Kava lenye sumaku linaipotosha, na mawe ya volkano yenye chuma nayo yanaweza kuipotosha ukiiweka chini juu yake. Ishike mkononi, mbali na mwamba, na izungushe hewani kwa umbo la namba 8 kabla ya kuiamini. Dira ya kawaida ya mkononi ni bora zaidi. Kwa upande wetu huu wa nchi, tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi ni ndogo mno kukusumbua kwa safari ya siku moja.

Ila dira kubwa kuliko zote tunayo bure. Ukiwa Monduli Juu, Meru iko mashariki. Siku ikiwa safi Kilimanjaro inachungulia nyuma yake, kidogo kushoto. Kaskazini utaona Longido na Kitumbeine, kaskazini-magharibi Oldoinyo Lengai, magharibi Essimingor, na kusini-magharibi Bonde la Ufa na Ziwa Manyara liking'aa. Jifunze milima hiyo kwa majina na mahali ilipo kabla hujatoka nyumbani. Jua la mchana usilitegemee: kuelekea katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini kabisa, kivuli kinakaa chini ya nyayo zako, wala hakikuonyeshi kokote.

Mkoba

Maji lita 3 kwa kila mtu. Ndiyo, ni kilo 3, na ndiyo, utazilalamikia saa moja asubuhi na kuzishukuru saa nane. Usitegemee chemchemi, maji utakayoyakuta ni ya ng'ombe. Lita moja kati ya hizo itengeneze maji ya chumvi na sukari: vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji safi. Ukipenda pakiti ya ORS ya duka la dawa, sawa tu.

Chakula kiwe cha kula kidogokidogo: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu, chapati, karanga, kashata. Loshoro, yaani mahindi yaliyopikwa na maziwa ya mgando, ni tamu na ni chakula cha nguvu, lakini bakuli mbili za loshoro kabla ya kupanda utazijutia kwenye mteremko wa kwanza. Acha mpaka jioni.

Viatu: si lazima viwe vya bei. Soko la Memorial pale Moshi na mitumba ya Kilombero hapa Arusha hutoa buti nzuri za mlimani, zilizovaliwa kidogo. Angalia soli kwa kuikunja. Ikitoa nyufa au ikiwa gundi imeanza kuachia pembeni, rudisha, maana buti iliyokaa miaka kabatini huachia soli siku ya kwanza ya kazi. Vaa angalau mara kadhaa mjini kabla ya safari, na kata kucha za vidole vya miguu, kwani kushuka ndiko kunakozing'oa.

Mengine ni haya: koti la mvua, sweta, kofia pana, mafuta ya jua, suruali ndefu kwa ajili ya miiba na kupe, bendeji na plasta, filimbi, tochi hata kama mna hakika ya kurudi mchana, na fimbo. Kuhusu sweta usinibishie. Hewa inapoa kama nyuzi joto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha mjini ni takribani mita 1,400. Ukisimama kwenye mita 2,200 umeshapoteza nyuzi 5, na ukiwa na jasho mgongoni huku upepo wa Bonde la Ufa unavuma, utatetemeka jua likiwaka.

Kufika

Ondokeni Arusha kabla ya saa kumi na mbili. Mnashika barabara ya Dodoma kupitia Kisongo, mnakata kulia kwenye njia panda ya Monduli, mnafika Monduli mjini, kisha mnapanda kwa barabara ya kona kwenda Monduli Juu. Kwa usafiri wa umma, daladala zinafika Monduli mjini. Kutoka hapo juu ni bodaboda au gari la kukodi. Kama mko sita au saba, kukodi Noah kutwa nzima ni nafuu kuliko mnavyofikiri, na faida kubwa ni kwamba jioni hamtakuwa mnakimbizana na gari la mwisho.

Pa kuanzia pazuri ni Emairete, kijiji kilicho kwenye kreta, shimo pana la volkano iliyozimika zamani ambalo sakafu yake leo ni mashamba. Ukingo wake una vichwa vya nyasi vinavyofuatana, na kwa kuwa chini mnakiona kijiji muda mwingi, ni shule nzuri kwa wanaoanza. Huko Monduli Juu ndiko alikozaliwa na kuzikwa Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mkitaka kupita kaburini, mwambieni mwenyeji asubuhi, na mpite mkiwa mmevaa nguo za heshima.

Salimieni watu. Mwanamume mtu mzima mwambie "Supai", atakujibu "Ipa". Mama mwambie "Takwenya", atakujibu "Iko". Kwa wazee, shikamoo nayo inapokelewa vizuri. Mtoto akikujia ameinamisha kichwa, usimpite. Mguse utosini kwa kiganja, ndiyo salamu yake. Ukikaribia boma, simama mbali kidogo upige hodi kwa sauti, kwa sababu mbwa watakuona kabla ya mwenye boma. Picha za watu na mifugo, omba kwanza.

Kupanda

Mtu mwenye mwendo mdogo kuliko wote atangulie. Wenye nguvu hawapendi jambo hili, lakini ndilo linaloliweka kundi pamoja. Kipimo cha mwendo ni maneno: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza. Pumzikeni dakika 5 kila saa, mkiwa mmesimama au mmekaa juu ya jiwe, si kulala kwenye nyasi, maana kupe wanawasubiri hapohapo.

Njia za ng'ombe zitawashawishi. Ni safi, zimekanyagwa, na hazina mpando mkali. Zitumieni zinapokwenda mnakokwenda, lakini mjue ng'ombe hana haja na kilele: njia yake inazunguka ubavu wa kilima kwenda kwenye maji, malisho au boma. Ukiona njia imeacha kupanda kwa dakika 10 nzima, muulize mwenyeji.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifanyi: kila mnapopanda, geukeni nyuma. Kilima unachokiona kwa mbele si kile utakachokiona ukirudi. Mti uliosimama peke yake, jiwe jeupe, kona ya uzio wa miiba. Chagua alama moja katika kila mgongo na uipige picha ukiwa umeigeukia.

Kileleni

Kilele cha mviringo mara nyingi hakina alama. Kuna nyasi fupi zilizoliwa na mbuzi, samadi kavu, pengine mawe machache yaliyorundikwa na wachungaji. Tembea mpaka kila upande ushuke, hapo ndipo juu.

Sasa, kabla hujavua mkoba, kabla ya chai na picha, fanya haya manne. Simama ukielekea ulikotokea. Itafute Meru. Elekeza dira kwenye kilele kinachofuata na uandike namba ya nyuzi. Kisha mtume mmoja wenu atembee hatua 50 kuelekea huko asimame, ili wote muone upande ni upi. Baada ya hapo kaeni mle. Sababu ni nyepesi: watu wakikaa wanageuka-geuka, mmoja anafuata kivuli, mwingine anafuata mtandao wa simu, na wakiinuka kila mmoja ana kaskazini yake. Vijana wa Kimaasai wanaotuongoza, ambao wamechunga huko tangu wakiwa wadogo, nao hawaondoki kileleni hivihivi. Utamwona amechuchumaa pembeni, fimbo mabegani, anaangalia chini kimya kwa dakika nzima kabla ya kusema "twende".

Kutoka kilele hadi kilele

Mnapoondoka, lengo lenu la kwanza si kilele kinachofuata. Ni mbonyeo, pale mgongo unaposhuka hadi mahali pa chini kabisa kabla ya kupanda tena. Mkiupata mbonyeo, kilele cha pili hamwezi kukikosa. Mkiukosa, mmeshaingia kwenye korongo. Kwa hiyo mita 200 za mwanzo tembeeni polepole mkiangalia dira kila mara, kwa kuwa juu pale mteremko bado umelala na hauwaambii chochote. Mgongo ukishakaza, yaani ardhi ikishuka kulia na kushoto kwenu kwa pamoja, mnaweza kuongea habari nyingine.

Kuna watakaosema tuzunguke kilima hiki ubavuni, tusipande, tutaokoa nguvu. Wakati mwingine ni kweli, hasa kama kuna njia ya ng'ombe. Bila njia, kutembea kwenye mteremko kwa upande kunamaliza vifundo vya miguu, na baya zaidi, kunawatoa kwenye mgongo mnaoujua. Ushauri wangu ni kupita juu.

Kushuka, kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na kata mteremko kwa kwenda kulia na kushoto. Fimbo itangulie mguu. Magoti yanayouma Jumapili ni ya waliokimbia Jumamosi.

Ukungu, radi na wanyama

Ukungu ukiwakuta kileleni, kaeni. Mara nyingi ukungu wa asubuhi huondoka jua likipanda. Ikibidi kutembea, nendeni kwa mstari mmoja, wa kwanza na wa tatu wakionana. Mwenye dira awe wa tatu, amsahihishe wa kwanza kwa sauti: kushoto kidogo, hapohapo, nenda.

Radi hamna mjadala nayo, kwa sababu kwenye kilima cha nyasi wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: sekunde 3 ni takribani kilomita 1. Zikiwa pungufu ya 30, teremkeni upesi kutoka mgongoni, msisimame chini ya mti ulio peke yake, achaneni nafasi, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite bila kusikia ngurumo.

Nyati, kaa mbali na vichaka vizito na pembezoni mwa msitu, hasa alfajiri na jioni, na ongeeni kwa sauti mnapopita karibu. Ng'ombe wapisheni kwa upande wa chini wa njia, msiwapite katikati mkawatawanya. Mchungaji ana kazi ya kutosha.

Mkipotea

Usishuke. Kila mtu aliyepotea anatamani kushuka, kwa sababu chini kuna barabara na chini kuna watu. Makorongo ya milima ya volkano yanaanza kwa upole na kuishia kwenye kuta ambazo huwezi kuzishuka wala kurudi kuzipanda. Rudini juu, kwenye kilele cha mwisho mlichokuwa na hakika nacho. Inauma, hasa baada ya saa nane, lakini kule juu kuna mambo matatu ambayo korongoni hayapo: Meru ya kuangalia, mtandao wa simu, na sauti inayofika mbali. Filimbi ni milio 6 kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Namba ya dharura ni 112.

Kwa ajili hiyohiyo, kabla ya safari mwachie mtu mmoja nyumbani ujumbe wenye majina yenu, njia mtakayopita, simu ya mwenyeji na saa ya kurudi, na mwambie afanye nini ikifika saa mbili usiku hajawasikia. Mkifika garini, mpigieni mara moja, msingoje kufika mjini.

Jioni

Jikagueni kupe kabla ya kupanda gari: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani. Kupe akishang'ata, mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumkamua wala kumchoma moto. Buti zikilowa, zijaze magazeti uzianike kivulini, si jikoni.

Ukiona Monduli Juu umeimaliza bila shida na Jumatatu umeamka mzima, unaweza kufikiria Longido, mita 2,637, ambayo ni mlima mmoja mrefu wa kutwa nzima na wenye msitu juu. Meru, mita 4,562, iweke kwa baadaye: ni hifadhi ya taifa, unapanda na askari mwenye silaha, na hiyo ni safari ya siku 3 au 4.